Uzito wa Mabawa ya Tai wa Bihambwe

Bihambwe, tarehe 4 Agosti 1956

Yaya yangu mupenzi Anastasie,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Salamu ya kwanza ni ya mugongo wako: umeacha kukuuma tangu mulipomaliza kupanda mihogo, ao bado unalala kwa upande moja? Salamu ya pili ni ya shemeji Barthélemy na kikohozi chake. Umuambie aache tumbaku hata juma moja tu, tuone. Salamu ya tatu ni ya yule anayekusomea barua hii, mwana wangu Théophile. Najua ameketi karibu nawe, amenyoosha karatasi juu ya goti, anasoma kwa sauti ya monitere mbele ya darasa, akipumzika mahali pa nukta. Aendelee vile vile.

Sisi hapa tuko wazima. Baridi ya mwezi huu inauma vidole, lakini maharagi imekauka vizuri. Sitaki kujisifu, ila hakuna mwanamuke hapa Bihambwe aliyevuna kama mimi mwaka huu. Hata Emérita jirani yangu amekubali, na unamujua Emérita, kumufanya akubali kitu ni kazi kama kung'oa jino. Nilishusha vikapu sita ku soko ya Sake na nikarudi na vikapu vitupu. Na barua hii naiandika mimi mwenyewe, yaya. Mambo ya kuandikiwa na katekista yalikwisha tangu masista walinifundisha, mimi na kichwa changu cha mama ya watoto wawili, na mwaka ule nilipita wasichana wote kwa mwandiko.

Barua yako ilifika siku ya posho, Jumamosi, mukononi mwa shofere wa kamio, ile lori ya chumvi. Mwandiko ulikuwa wa katekista wenu. Ulimuomba yeye sababu hukutaka Théophile ajue kama unanipelekea habari zake. Unisamehe, yaya, leo anajua, sababu ni yeye anasoma. Théophile, usimukasirikie mama mukubwa wako. Aliandika kwa mapendo.

Unasema yule Munganga wa Ndege anarudi. Kwamba mwisho wa mwezi huu atafika Walikale, alale siku tatu, kisha aingie mu pori na vifaa vyake. Kwamba amemutumia Théophile karatasi ya kumuita kazini, na Théophile ameikunja, ameiweka chini ya kopo ya chumvi, na amekuambia kwamba kichwa yake si kichwa ya kupima vitu. Hayo nilisoma nikiwa nimesimama. Lakini uliandika tena kwamba hata darasani, akiisha kujumlisha hesabu ku ubao, anaita mwanafunzi moja aje kuihakikisha mbele ya kuifuta. Hapo njo nilikaa chini.

Unaniuliza ilikuwa nini hasa mwaka jana na mabawa ya yule tai. Yeye hakukuambia, na mimi nilikuambia nusu tu. Leo nitakuambia yote, na mutoto asome yote. Asiruke mustari hata moja. Namujua, akikuta mahali pa kumusifu anaruka.

Ilikuwa mwezi wa saba. Munganga wa Ndege alikuwa amelala juma mbili hapa ku gîte, ile nyumba ya wageni wa serikali ambapo mimi napikia wasafiri. Wazungu wengi walipita pale, yaya, na wote walisema supu yangu ya kuku haina mwenzake mupaka Goma. Huyu alikuwa muntu mupole, mwenye Kiswahili cha kitabu, anayesema asante hata kwa maji. Kazi yake ilikuwa kukamata ndege, kupima urefu wa mudomo, urefu wa mukia, na kuandika mu kaye, daftari yake. Watoto walimufuata kama vile anagawa sukari.

Basi siku moja Mbonigaba, yule mufugaji wa juu ya kilima, alishuka na tai begani. Si tai mudogo. Ni yule mwenye ushungi ku kichwa, anayekamata nyani mu miti, na alikuwa amekwisha kubeba wana mbuzi watatu wa Mbonigaba. Mwana mbuzi wa ine alimukamata ku mulango ya zizi, na mushale wa Mbonigaba ukamupata yeye. Manyoya ya mukia yalipelekwa kwa mwami, mutawala wetu, kama inavyopashwa, na mwami akaruhusu mwili uende kwa munganga. Walipomulaza juu ya meza ya gîte na kumufungua mabawa, bawa moja lilifika mwisho wa meza huku, lingine likaning'inia kule. Emérita alisema angekuwa na kitambaa kama hicho angeshona nguo mbili. Alipimwa mwili wote: kilo tatu na gramu mia tisa.

Munganga alikuwa anatafuta musaidizi. Akaita vijana wenye sertifika, akawaonyesha tai, akawaambia kazi ni hii: kila moja akadirie uzito wa mabawa mawili peke yao, mbele hayajakatwa. Wanaweza kumubeba tai, kumugeuza, kumupima kwa kamba, lakini kisu hapana. Anawapa siku mbili. Atakayekaribia zaidi atakwenda naye. Muntu moja aliuliza mbona asikate tu na kupima, kwani mizani iko pale. Munganga alijibu kwamba mizani inasomwa na kila muntu. Yeye anatafuta muntu anayefikiri mbele mizani haijasema. Nilikuwa naosha sahani, nikasikia neno hilo, na nikajua anamutafuta mutoto wangu.

Walikuja vijana wane. Wawili waliogopa harufu ya dawa wakarudi kwao. Walibaki Damien wa Sake na Théophile wangu. Damien ni kijana mwenye sauti nzuri na viatu vizuri. Alimuinua tai mara moja, akasema kilo moja, sababu ni namba safi isiyosumbua, akaenda kulala. Théophile alirudi nyumbani na kaye chini ya kwapa, akasimama mu kiwanja anaangalia kuku zangu. Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema anaomba tatu.

Yaya, unanijua mimi na kuku zangu. Kama angeomba muntu mwingine ningemupa kiti akae asahau. Lakini niliwakamata mwenyewe. Mawazo yake yalikuwa haya: bawa ni sehemu ya mwili, na kila ndege ana sehemu yake. Ukipima kuku muzima, kisha ukapima mabawa yake, utajua katika mia ni ngapi. Halafu unapima bata, unapima kunguru, unapima mwewe, na unaona namna gani sehemu inapanda kwa ndege wanaoruka sana. Kisha unamukaribia tai pole pole, kama muntu anayepanda ngazi. Hakuna aliyemufundisha. Masista hawakumufundisha, baba yake marehemu Isidore, Mungu amupumzishe, alikuwa hajui hata kuhesabu vidole vya mbuzi. Ilitoka mu kichwa yake mwenyewe, ile ambayo leo anasema si ya kupima vitu.

Tulipima ku duka ya yule Mugiriki, kwa mizani yake ya sukari. Mimi nilikuwa mwenye kisu. Na hapa usikilize vema, yaya, sababu jambo lote limekaa hapa. Kuku wa kwanza nilimukata vile mama yetu alitufundisha. Unakumbuka: bawa la mugeni halikatwi likiwa peke yake, linakatwa pamoja na kipande cha kifua, mugeni asishike mufupa mutupu. Mukono wangu haujui namna nyingine. Théophile alipoona alikasirika kidogo, kwa heshima. Akanieleza kwamba nyama ya kifua si bawa, inaongeza uzito bure na kuharibu hesabu. Akachukua kipande cha kaa la moto lililozimika, akachora mustari mweusi ku ngozi, pale pale mufupa wa bawa unaingia mu bega, na akaniomba nipite hapo tu. Nikapita. Kuku wa pili na wa tatu hakuhitaji tena kuchora. Nilikuwa nimeshika. Bata ya masista, kunguru wawili, mwewe moja aliyeletwa na wachungaji, wote niliwakata pale pale, safi, hata Mugiriki alitoka nyuma ya meza yake kuangalia.

Siku hizo mbili nyumba yangu ilinuka nyama kama Noeli. Emérita alikuja asubuhi na jioni, akasema hajapata kuona masomo yenye muchuzi muzuri kama haya. Alianza kumuita Théophile Monitere Kuku, na vijana wakadaka jina. Yeye alicheka tu, anaandika. Kuku alikuwa na tisa katika mia. Bata, kumi na mbili. Mwewe alifika makumi mbili na mbili. Tai huyu wa pori, akasema, ana mabawa mapana lakini mafupi, sababu anaruka katikati ya miti, basi hawezi kufika kwa mwewe. Alikaa juu ya namba hiyo mupaka chakula kikapoa. Mwisho akaandika kumi na tisa katika mia, akafanya hesabu, akapata gramu mia saba na makumi ine. Akaninyooshea karatasi niione. Nikamuambia mimi sijui hesabu kama hizo, lakini namba yenyewe inaonekana kuwa ya kweli.

Na nilikuwa nasadiki, yaya. Nilizunguka mutaa mzima nikisema. Nilimuambia mama ya Damien, aliyetoka Sake kumutembelea mwana wake, kwamba anaweza kuanza kumufariji. Ulimi wangu unaujua.

Sasa siku ya kupima. Munganga aliamuka na homa. Alimeza kinini, akalala chini ya mablanketi matatu, akaagiza karani wake aendelee na mizani, na mimi nikate, sababu kila muntu alikuwa amemuambia hakuna anayekata ndege kama Mama Théophile. Karani akaweka wale vijana nje, mbele ya mulango, wasiguse kitu. Mimi nikabaki ndani ya jikoni na tai na kisu.

Mabawa yaliisha kukatwa, karani akayapeleka ku mizani, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote waliokusanyika. Gramu mia tisa na makumi tano. Damien alikuwa amesema elfu. Théophile alikuwa amesema mia saba na makumi ine. Watu walicheka, si kwa ubaya, wanacheka vile watu wanacheka muntu aliyeua kuku tatu na bata ili kushindwa na muntu aliyelala. Munganga alipoambiwa, karani anasema alitikisa kichwa ku muto, akasema ni nzito kuliko alivyofikiri yeye mwenyewe, lakini mizani imesema, na neno lake mbele ya watu hawezi kulirudisha. Damien akapanda kamio.

Théophile hakugomba. Hakuomba wapime tena. Hakuomba hata kuyaangalia mabawa, na ingetosha ayageuze tu. Hakuomba, sababu aliyekata ni mama yake.

Jioni ile alikuja akakaa karibu na mafika, mawe ya moto ya jikoni, akaniambia, "Mama, unisamehe kuku zako."

Ni hayo tu alisema. Na juma lililofuata akaomba wamutume kufundisha mbali, wakamupa shule yenu huko Walikale, njo maana unaye mu nyumba yako, na mimi niko hapa na Emérita.

Hiyo ndiyo nusu niliyokuambia. Sasa nusu ingine.

Siku moja mbele ya kupima, mchana, nilikuwa nimepelekea munganga supu. Alikuwa anaongea na karani, hakunyamaza nilipoingia, sababu hana siri. Alisema yule atakayeshinda watatembea naye mwaka moja mu pori ya Walikale, halafu atamupeleka Ulaya, ku nyumba moja kubwa wanapoweka ndege wa dunia nzima, ajifunze miaka mitatu ao mine, na kama ni muntu wa akili watamubakiza. Mimi nilikuwa nafikiri ni Walikale tu na kurudi. Niliweka supu juu ya meza. Inaonekana niliimwaga kidogo, sababu aliniambia asante na pole pamoja.

Yaya, unamujua Nestor wangu mukubwa. Alikwenda Stanleyville kwa miezi mitatu, na sasa ni miaka tisa. Hajafa, hajafungwa, ni muzima, ana kazi, ana bibi muzuri. Ananiandikia kila Mwaka Mupya. Wajukuu watatu niko nawajua kwa picha. Yule mukubwa anaitwa Euphrasie kama mimi na hajakula bugali yangu hata siku moja. Sina mashitaki juu ya Nestor. Lakini nilijua namna inavyokwenda. Muntu haendi mara moja. Anakwenda kwa miezi mitatu.

Asubuhi ya kupima, karani alipokuwa anamusukuma Théophile nje ya jikoni, mutoto alishika mulango, akaniambia juu ya bega la karani, "Mama, pale pale kama kuku."

Mimi nikamujibu, "Najua."

Nikakata vile mama yetu alitufundisha.

Haikuwa kusahau. Nimejaribu mwaka mzima kujiambia ni mukono tu, mukono ulirudia mazoea yake. Si kweli. Niliona pale mustari ungekuwa. Niliupita kwa vidole vitatu, nikachukua kipande cha kifua upande huu na kipande upande ule, nikafunika kwa manyoya ya kwapa, manyoya ya huko ni laini na mengi, na karani hakujua kutafuta. Kwa padri nilisema nimedanganya katika kupima. Alifikiri ni maharagi.

Na sijamaliza, yaya. Jioni munganga aliagiza nisafishe mabawa, nitoe nyama yote, yatiwe chumvi yasafiri. Nilitoa vile vipande viwili mbele ya kitu kingine. Nikavipima kwanza kwa mukono wangu, na mukono wangu uliniambia mia mbili. Kisha nikavifunga mu jani la ndizi, nikaenda kwa Mugiriki, nikamuambia ni nyama ya kulisha mbwa wake, anipimie. Gramu mia mbili na ine. Nikavizika nyuma ya jikoni. Namba sikuizika. Iko mu kitabu changu cha sala, ku ukurasa wa mwisho, na tangu mwaka jana naiona kila siku ya Mungu.

Nilifikiri atakasirika siku mbili, kisha atabaki hapa, atafundisha watoto wa Bihambwe, ataoa karibu, na mimi nitamupikia. Nilifikiri nampotezea safari tu. Sikujua nampotezea kichwa yake. Kama nilimuweka karibu, nilimuweka karibu namna gani, yaya, akiwa huko kwenu anaomba mutoto wa miaka kumi amuambie kama tano na saba ni kumi na mbili?

Hapa, yaya, kama ameacha kusoma, usimusukume. Umupe maji. Ungojee. Kama ametoka nje, umuache azunguke nyumba. Akirudi, umuombe amalizie, sababu bado kuna maneno yake na salamu zako.

Théophile mwana wangu. Chukua kreyo. Andika mia tisa na makumi tano, utoe mia mbili na ine. Usimuite mwanafunzi. Mimi nilipata mia saba na makumi ine na sita, na wewe mbele ya kisu, mbele ya mizani, kwa kuku tatu na bata ya masista, uliandika mia saba na makumi ine. Ulikosa gramu sita. Hizo sita naona ni damu iliyobaki, sababu sikukamua vizuri. Hakuna muntu kati ya Sake na Walikale, mweusi ao mweupe, angekaribia vile. Munganga mwenyewe angekosa. Hii si kujisifu, ni hesabu, na hesabu ni yako.

Unasema kichwa yako inakudanganya. Kichwa yako haijakudanganya hata siku moja. Ni mimi.

Damien aliacha kazi mbele ya miezi mitano kwisha, anauza vitambaa Goma na naambiwa anafaulu, tumutakie mema. Na karatasi iliyo chini ya kopo ya chumvi, mama mukubwa wako aliniandikia inasema nini: munganga anamutaka yule wa kuku. Hakusahau. Alishindwa tu kurudisha neno lake. Basi mukutane naye. Ukitaka, umuonyeshe barua hii, mimi sitaona haya zaidi mbele yake kuliko ninavyoona mbele yako. Arekebishe kaye yake pia, asije akafundisha Ulaya kwamba tai wetu ana mabawa ya gramu mia tisa na makumi tano.

Sikuombi unisamehe leo. Leo fanya ile hesabu tu. Kamio yake ikitoka mu pori kwenda Goma, njia ya Ulaya, itapita hapa Bihambwe, na mimi nitakuwa ku barabara, mbele ya gîte, siku zote za juma hilo. Kama unataka kushuka, supu iko. Kama hutaki, ukae juu na munganga, mupite. Nitaangalia tu kama una koti, sababu naambiwa baridi ya Ulaya inashinda ya kwetu, na kama umekonda. Nikishaona hayo nitarudi jikoni.

Yaya, asante kwa kuniandikia, hata kama ilikuwa kwa siri. Ungenyamaza, ningenyamaza nami. Unisalimie shemeji Barthélemy na watoto wote wa nyumba, unisalimie katekista na umuambie mwandiko wake ni muzuri lakini anakaza sana kreyo. Emérita anakusalimia, anauliza kama huko kwenu bado munakula viwavi vile vinono. Kama ndiyo, atafurahi. Nakutumia kikapu cha maharagi meupe kwa shofere wa chumvi, uyapike bila kuloweka, ni laini. Mungu akulindie mugongo, na akulindie yule aliye mbele yako na karatasi hii, kwa siku chache zilizobaki akiwa bado kwako.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Euphrasie Mukashema,
mama ya Nestor wa Stanleyville, na mama ya Théophile, aliyekosa gramu sita.